Kuvimbiwa kwa Muda Mrefu: Chanzo na Mwendo Wake

Mtu anayeteremka kutoka Nyandira au Mgeta kuja Morogoro mjini, akiwa ndani ya gari lililosheheni magunia ya kabichi, njegere na viazi, hakosi kumsikia abiria mmojawapo akisema kwamba ana vidonda vya tumbo. Akiulizwa ni nani aliyeviona vidonda hivyo, mara nyingi jibu huwa kwamba hakuna aliyeviona. Vimejulikana kwa maumivu tu. Kwa kweli, katika mazungumzo yetu ya kila siku maneno hayo yamegeuka kuwa jina la kila usumbufu unaotokea kati ya kifua na kitovu. Kwa mazungumzo ya njiani si neno. Lakini kwa mgonjwa jina lililokosewa huweza kuleta dawa iliyokosewa, na dawa iliyokosewa huweza kumpotezea miaka.

Katika makala haya tutaeleza jinsi kuvimbiwa kunavyoanza, jinsi kunavyojijengea makao mwilini, na yale yanayoweza kutokea endapo hali hiyo itaachwa iendelee kwa miaka kumi, ishirini au thelathini. Somo la mfumo wa chakula hufundishwa katika shule zetu za sekondari, lakini kwa kawaida mwanafunzi huonyeshwa mfumo ulio mzima, kama mashine mpya iliyotoka dukani. Hapa tutautazama mfumo huo huo ukizeeka na kupatwa na matatizo.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kila mtu huvimbiwa mara moja moja, hasa baada ya sikukuu au harusi, na hali hiyo hupita yenyewe. Madaktari huita kuvimbiwa kwa muda mrefu ile hali ya mtu kusikia maumivu au moto chini ya chembe cha moyo, au kushiba upesi kabla hajamaliza nusu ya sahani yake, au kujisikia amejaa kwa saa nyingi baada ya kula, na mambo hayo yakamrudia kwa miezi kadhaa. Kiungulia, yaani moto unaopanda kifuani hadi kooni, ni jambo lililo karibu nalo lakini si lile lile: huko asidi imepanda kwenye umio kwa sababu mlango ulio kati ya umio na tumbo haufungi sawasawa. Mtu huweza kuwa na yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo mambo huchanganyika. Aidha, Kiswahili hutumia neno tumbo kwa sehemu yote iliyo chini ya mbavu. Katika makala haya tutasema "mfuko wa tumbo" pale tunapokusudia kile kiungo kimoja kinachopokea chakula kutoka kwenye umio.

Mfuko wa tumbo wa mtu mzima hupokea lita moja hadi moja na nusu bila taabu. Kuta zake hutoa kiasi cha lita mbili za majimaji kwa siku, na ndani yake mna asidi ya hidrokloriki pamoja na kimeng'enya kiitwacho pepsini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini. Asidi hiyo ni kali sana. Kipimo chake cha pH huweza kushuka hadi 1.5, ukali unaopita ule wa maji ya ndimu. Basi mwanafunzi makini atauliza: ikiwa majimaji haya huyeyusha nyama ya ng'ombe, kwa nini hayauyeyushi mfuko wenyewe, ambao nao ni nyama?

Swali hilo ndilo ufunguo wa somo zima. Mfuko haujiyeyushi kwa sababu una kinga ya tabaka kadhaa. Juu kabisa kuna ute mzito ulioshikamana na ukuta. Chini ya ute huo chembe hai za ukuta hutoa bikaboneti, ambayo huzimua asidi yoyote inayojipenyeza, hata ukuta wenyewe ukabaki karibu katika hali isiyo ya asidi ingawa bahari kali imelala karibu kabisa na hapo. Chembe hai zenyewe hazidumu; kila baada ya siku chache zilizochakaa hubanduka na nyingine huchukua nafasi yake. Na chini ya yote hayo damu hupita kwa wingi, ikileta chakula na hewa kwa ajili ya matengenezo hayo yasiyokoma.

Wakazi wa Morogoro wana mfano mzuri mbele ya macho yao. Miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, upande wa Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi mno, na katika sehemu za juu huzidi milimita 2000 kwa mwaka. Mvua hiyo huulisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa mpaka Dar es Salaam. Palipo na msitu, mvua hudondoka juu ya majani, ikaingia ardhini polepole, na udongo ukabaki mahali pake. Palipofyekwa na kulimwa bila kinga, mvua ile ile huchimba makorongo. Mvua haikuongezeka, kifuniko ndicho kilichoondoka. Vivyo hivyo, wagonjwa wengi wa vidonda vya mfuko wa tumbo hawana asidi nyingi kuliko watu wazima wenzao, na wengine wana pungufu. Mfano huu usivutwe kupita kiasi, kwa maana katika vidonda vya duodeni asidi huweza kuzidi kweli, kama tutakavyoona. Lakini unatosha kutuonya tusiitupie asidi lawama yote.

Ni nini basi kinachokiondoa kifuniko? Kwa muda mrefu wataalamu walitaja pilipili, wasiwasi na hasira. Mwaka 1822, huko Marekani, daktari wa jeshi aliyeitwa William Beaumont alimtibu kijana mmoja, Alexis St. Martin, aliyepigwa risasi kwa bahati mbaya. Jeraha lilipona lakini likaacha tundu la kudumu lililofika ndani ya mfuko wa tumbo. Beaumont alilitumia tundu hilo kama dirisha. Alifunga vipande vya nyama kwenye uzi, akavitumbukiza na kuvitoa ili aone vimeyeyuka kiasi gani, na aliona pia kwamba homa na hasira hubadili sura ya ukuta wa ndani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833. Uchunguzi wake ulikuwa sahihi, lakini waliomfuata walitoka humo na imani kwamba vidonda ni maradhi ya watu wenye mawazo mengi, na imani hiyo ilidumu kwa karibu miaka mia moja na hamsini.

Iliangushwa na Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, mjini Perth. Warren alikuwa ameona kwa hadubini vijidudu vilivyojipinda kama skrubu katika vipande vya nyama vilivyokatwa kutoka katika matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1982 waliweza kuviotesha katika maabara, na inasemekana walifaulu kwa sababu ya likizo ya Pasaka, ambapo sahani za kuoteshea ziliachwa kwa siku nyingi kuliko kawaida. Wenzao hawakusadiki. Iliaminika kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kuishi ndani ya asidi ile. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kikombe chenye vijidudu hivyo. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na kipande kilichokatwa kutoka katika mfuko wake kikaonyesha mchochota, yaani nyama iliyovimba na kujaa chembe nyeupe za damu. Hatumshauri mwanafunzi yeyote afuate njia hiyo ya utafiti. Mwaka 2005 mabwana hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyo huitwa Helikobakta pilori. Ili tuuone mwendo wake, tumchukue mtoto wa kubuni, mwenye umri wa miaka mitatu, anayekaa katika kijiji kimojawapo cha mlimani. Nyumba ina watu wanane. Watoto hula katika sinia moja, na maji huchotwa kijitoni. Siku moja, ambayo hakuna atakayeikumbuka, mtoto anammeza bakteria huyo, pengine kutoka kwa mama au ndugu yake, pengine katika maji. Kwa kawaida maambukizo hutokea katika umri huo huo wa utoto. Bakteria ana kimeng'enya kiitwacho yureasi, ambacho huivunja urea na kutoa amonia. Amonia humzunguka na kuizimua asidi iliyo karibu naye, kama mtu apitaye katika mvua huku ameshika mwavuli. Kisha, kwa mikia yake, hujipenyeza chini ya ute na kutulia pale ambapo asidi haifiki.

Mtoto hasikii kitu. Mwili wake umetambua kwamba kuna mgeni na umepeleka askari, lakini askari hao hawamfikii vizuri chini ya ute, na vita hiyo ya kimya huweza kuendelea maisha yote. Kiasi cha nusu ya watu wote duniani wamekuwa wakimbeba bakteria huyu, na katika Afrika wengi zaidi. Wala si mgeni wa jana. Mwaka 2007 watafiti waliolinganisha chembe za urithi za bakteria hao kutoka mabara mbalimbali walikadiria kwamba waliondoka Afrika ya Mashariki ndani ya matumbo ya binadamu waliohama miaka 58,000 hivi iliyopita. Wengi wa wanaombeba hawapatwi na kidonda kamwe. Inakadiriwa kwamba ni mmoja katika kila kumi, au zaidi kidogo, atakayeugua.

Tuseme mtoto wetu ni miongoni mwa hao wachache. Sasa ana miaka ishirini na mitano na analima mboga. Hapa njia hugawanyika mara mbili, na mgawanyiko huo hutegemea zaidi ni sehemu gani ya mfuko iliyoshikwa na mchochota.

Ikiwa mchochota umekaa sehemu ya chini, karibu na mlango wa kutokea, huvuruga chombo kinachopima asidi. Mwili hutoa homoni ya gastrini kupita kiasi, nayo huichochea sehemu ya juu kumwaga asidi zaidi. Asidi hiyo hufurikia duodeni, ambayo haikuumbwa kuistahimili, na hatimaye kidonda huchimbika huko. Mkulima wetu huanza kusikia maumivu saa mbili au tatu baada ya kula, au usiku wa manane, akila kidogo hupata nafuu. Baada ya majuma machache maumivu huondoka kabisa. Hushukuru dawa ya mwisho aliyoitumia, iwe ni mizizi, maziwa au vidonge vya dukani. Baada ya miezi maumivu hurudi. Kuja na kuondoka huku ndiyo tabia ya maradhi yenyewe, na ndiko kumezipatia sifa dawa nyingi zisizostahili. Kila kidonda kinapopona huacha kovu, na makovu hujikunja. Miaka ikipita, mlango wa kutokea huweza kubanwa hata chakula cha jana kikatapikwa leo. Au kidonda huufikia mshipa wa damu. Au hutoboa ukuta kabisa, na hapo mtu huanguka kwa maumivu ya ghafla na tumbo gumu kama ubao. Huyo huokolewa kwa upasuaji tu, na kila saa inayopita huhesabiwa.

Njia ya pili ni ya polepole zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo ya hatari kubwa zaidi kwa sababu haina makelele. Mchochota ukienea katika sehemu kubwa ya juu, tezi zinazotoa asidi hufa moja baada ya moja. Asidi hupungua. Mtu huweza hata kudhani kwamba amepona, kwa sababu ule moto haupo tena. Lakini chakula hukaa vibaya, damu hupungua kwa kuwa madini ya chuma na vitamini B12 havipatikani vizuri, na baada ya miongo kadhaa ukuta huanza kujibadili ufanane na ule wa utumbo. Kwa watu wachache, mmoja au wawili katika kila mia ya walioambukizwa, mabadiliko hayo huishia kwenye saratani. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, lilimweka Helikobakta pilori katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa.

Mkaaji wa mlimani asidhani kwamba mlima wenyewe ndio umemletea maradhi. Ni kweli kwamba maradhi haya hayakutawanyika sawasawa katika Afrika. Mwaka 1975 madaktari F. I. Tovey na M. Tunstall walichapisha habari walizozikusanya kutoka hospitali nyingi za kusini mwa Sahara, nazo zilionyesha vidonda vya duodeni kuwa vingi katika nyanda za juu zinazogawa maji ya Nile na Kongo, na vichache katika mbuga za kaskazini mwa Nigeria. Sababu bado zinajadiliwa: aina ya bakteria, chakula, urithi. Kimo cha nchi peke yake hakijaonekana kuwa sababu.

Yapo mambo mengine yanayokiondoa kifuniko, na moja linatuhusu sana. Kuta za mfuko hutegemea kemikali zinazoitwa prostaglandini ili zitoe ute na kupata damu ya kutosha. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa kemikali hizo hizo. Kwa hiyo kidonge kinachotuliza mgongo huivua nguo mfuko wa tumbo. Diklofenaki na ibuprofeni ziko katika ukoo huo. Fikiria mama anayeteremsha mzigo wa ndizi kichwani kwa njia ya mteremko mkali, kisha akapanda tena jioni. Magoti na mgongo humwuma. Dukani hupewa vidonge vya maumivu, ambavyo huvimeza kila siku, mara nyingi kabla ya kula. Tumbo likianza kuuma, hurudi dukani pale pale na kuongeza vidonge vilevile kwa ajili ya tumbo. Mama kama huyo huweza kutokwa damu bila kusikia maumivu yoyote ya onyo, kwa maana dawa imeyanyamazisha. Parasetamoli haimo katika ukoo huo, ingawa nayo ina mipaka yake na huweza kuliua ini ikizidishwa. Tumbaku na pombe kali kama gongo huongeza madhara. Ama pilipili, ambayo hushutumiwa sana, huchokoza tumbo lililokwisha kuumia, lakini haikuthibitishwa kwamba huanzisha kidonda.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo huwashangaza wengi. Wagonjwa wa kuvimbiwa kwa muda mrefu wanapochunguzwa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani, zaidi ya nusu yao hawaonekani kuwa na kidonda chochote. Je, wanasingizia? La hasha. Mfuko wa tumbo wenye afya hulegea unapopokea chakula, kama kibuyu kinachotanuka. Wa wagonjwa hawa haulegei vya kutosha, au humwaga chakula taratibu mno, au mishipa yake ya fahamu imekuwa myepesi kupita kiasi hata ikapiga kengele kwa jambo dogo. Hali hiyo huweza kufuatia ugonjwa wa kuhara uliokwisha kupona, na huzidi wakati wa dhiki na mashaka. Hapo Beaumont alikuwa na haki. Huja na kuondoka kwa miaka, huchosha, lakini haigeuki kuwa kidonda wala saratani. Mtu wa namna hii akiambiwa ana vidonda, hula dawa za vidonda maisha yake yote na kuishi katika hofu isiyo na msingi.

Tutawatofautishaje? Kwa dalili peke yake hatuwezi, na hata daktari hodari hawezi. Lakini zipo dalili ambazo haziruhusu kungoja gulio lijalo: kutapika damu au kitu kinachofanana na kahawa iliyosagwa, choo cheusi kinachonata kama lami, kukonda bila sababu, chakula kukwama wakati wa kumeza, kutapika kila siku, au weupe wa viganja na macho unaoonyesha upungufu wa damu. Hali kadhalika mtu aliyeanza kuvimbiwa kwa mara ya kwanza akiwa na umri mkubwa anahitaji kuchunguzwa mapema. Hao waende hospitali siku hiyo hiyo, au mapema iwezekanavyo.

Kuhusu vipimo, yafaa tuseme wazi kwamba kipimo cha tone la damu kinachopendwa katika maabara ndogo za mijini hutafuta askari wa mwili, si bakteria mwenyewe. Askari hao hubaki miezi na miaka baada ya bakteria kufa. Basi mtu aliyekwisha kupona huweza kupimwa, akaambiwa anao, akanywa dawa upya, akapimwa tena, akaambiwa bado anao. Kipimo cha choo na kile cha pumzi, ambacho hutumia hila ya yureasi tuliyoieleza, huonyesha maambukizo yaliyopo sasa. Tiba ni dawa mbili za kuua bakteria pamoja na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, kwa kawaida kwa siku kumi na nne, na kipimo cha kuhakikisha hufanywa si chini ya majuma manne baada ya dawa kwisha. Wengi hupata nafuu siku ya nne na kumwachia jirani vidonge vilivyobaki. Matokeo yake yanaonekana: huko Mwanza, watafiti wa Bugando wamekuta bakteria wengi ambao hawasikii tena klarithromisini, mojawapo ya dawa hizo. Ama omeprazoli peke yake, inayonunuliwa dukani na kumezwa kwa miezi, huzima moto bila kumwondoa aliyeuwasha, na ikiachwa ghafla asidi hurudi kwa nguvu kupita awali, hata mtu akaamini hawezi kuishi bila hiyo.

Mwalimu wa Kidato cha Pili anaweza kuyaonyesha baadhi ya mambo haya bila maabara. Loweka choya katika maji ya moto upate rangi nyekundu, ugawe katika glasi mbili. Katika moja ongeza magadi yaliyoyeyushwa, yale yale yanayolainisha maharage, na rangi itageuka kuelekea buluu au kijani. Kisha kamulia humo ndimu kidogo kidogo: povu litatoka na wekundu utarudi. Povu hilo ni gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo ndiyo inayomfanya mtu aliyekunywa maji ya magadi acheue na kujisikia amefunguka. Kwa bikaboneti, ambayo ni sehemu ya magadi, mlinganyo ni huu:

NaHCO₃ + HCl → NaCl + H₂O + CO₂

Wanafunzi wahesabu wenyewe ni matone mangapi ya ndimu yanayohitajika ili kuumaliza uwezo wa kijiko kimoja cha magadi. Wakumbushwe kwamba glasi ya darasani haitoi ndimu mpya, lakini mfuko wa tumbo huendelea kutoa asidi, na kwamba chumvi inayobaki katika mlinganyo huo huingia katika damu ya mnywaji. Darasa linaloweza kupata yai liweke pia kipande cha ganda lake ndani ya siki usiku kucha, na kingine ndani ya siki baada ya kupakwa mafuta mazito ya kujipaka. Asubuhi vipande viwili vilinganishwe.